Barabara Inapofika Sebuleni: Fidia ya Haki ni Ipi?

Ndugu msomaji, ni vitu vichache vinavyoweza kumnyima mwenye nyumba usingizi kuliko herufi moja ya X iliyochorwa kwa rangi ukutani mwake. Haina maelezo, haina sahihi wala mhuri. Baba au mama hurudi kutoka kazini akaikuta, na tangu saa hiyo mambo ya nyumba ile husimama. Choo kilichokuwa kikijengwa huachwa nusu, mpangaji wa chumba cha uani huanza kuulizia chumba kwingine, na jamaa ambao hawakuonekana tangu Idi iliyopita hufika kuuliza, kwa sauti ya chini, kama karatasi za kiwanja zipo.

Wengi wetu hatujui kwamba X hizo ni za aina mbili. X nyekundu humaanisha kwamba nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, mwenyewe anahesabiwa kuwa mvamizi, na hana fidia. X ya kijani humaanisha kwamba nyumba ilikuwapo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa, na kwa hiyo mwenyewe anastahili kulipwa. Rangi hizi zina asili yake katika sheria. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 45, yaani mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ikaipanua hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande. Aliyekuwa amejenga kihalali katika zile mita saba na nusu zilizoongezwa hakuhama wala hakuvamia. Alikwenda kulala akiwa raia mwema, akaamka yumo ndani ya hifadhi.

Ndiyo maana wananchi wamezoea kuuliza swali moja ambalo, ingawa halina lugha ya kisheria, limebeba sheria nzima ndani yake: nani alimfuata mwenzake, barabara au mtu? Ikiwa mtu aliifuata barabara akajenga kibanda mahali palipokwisha tengwa, hana la kudai. Ikiwa barabara ndiyo iliyomfuata mtu, basi anayeihitaji hana budi kulipa. Swali ni rahisi namna hiyo. Kulijibu ndiko kugumu, na hakuna mahali palipoonyesha ugumu huo kama Kimara.

Yaliyotokea Barabara ya Morogoro

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam watakumbuka mwaka 2017. Katika kipande cha Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, hifadhi haikuhesabiwa kwa mita 30. Serikali ilisimama juu ya tangazo la mwaka 1967, lililotokana na sheria ya barabara iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1932, na kwa tangazo hilo hifadhi ya mahali pale ni mita 121.5 kila upande. Ukijumlisha pande zote mbili utapata mita 243, zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Matingatinga yakapita. Nyumba zaidi ya elfu moja, pamoja na maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada, zikaangushwa bila fidia. Baadaye ndipo ikajengwa barabara pana ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, yenye urefu wa kilometa 19.2, kwa fedha za Serikali yenyewe.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba barabara ile haikuhitajika. Mfanyakazi aliyekuwa akiondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazini Kariakoo saa mbili anajua thamani yake kuliko mwandishi yeyote. Tena upande wa Serikali ulikuwa na hoja nzito: hifadhi ilitangazwa, tangazo halikufutwa kamwe, na kutojua sheria si kinga mahakamani.

Lakini wakazi nao hawakuwa na maneno matupu. Wapo walioonyesha hati walizopewa na mamlaka za ardhi. Wapo waliolipa kodi ya majengo mwaka hadi mwaka, wakaunganishiwa umeme na maji na mashirika ya umma, wakachagua viongozi wa mitaa iliyoandikishwa na Serikali hiyo hiyo. Baadhi yao walikwenda hadi Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, kutafuta amri ya kusimamisha ubomoaji. Na mnamo Novemba 2017 likatokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilieleza mengi kuliko hotuba zote. Rais John Magufuli aliagiza kwamba sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo, pamoja na jengo la Wizara ya Maji, nayo yabomolewe kwa kuwa yamo ndani ya hifadhi ya barabara. Agizo hilo lilisifiwa kwa kutobagua, na kwa kweli halikubagua. Hata hivyo linatuachia swali. Ikiwa shirika la umma lenye wanasheria, wahandisi na wapima ardhi lilijenga ghorofa ndani ya mstari ule, utingo wa basi aliyenunua kiwanja kwa maandishi ya mkono mbele ya mjumbe wa nyumba kumi angeujulia wapi?

Hapa sheria na haki hazitembei bega kwa bega. Aliyevamia kwa kujua ni mmoja. Aliyegawiwa kiwanja na ofisi ya umma, akapewa risiti yenye nembo ya Taifa, ni mwingine. Kuwapaka wote wawili rangi moja nyekundu ni kumfanya raia alipe kosa la karani. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ofisi iliyogawa kiwanja mahali pasipogawika ndiyo ingepaswa kubeba hasara, hata kama barabara inapita vilevile.

Jasho juu ya ardhi

Ili tuelewe fidia inatoka wapi, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Ardhi yote ya nchi yetu ni mali ya umma, na Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya wananchi wote. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kilichopinga ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na wachache. Ndani yake aliweka msingi ambao hatukuukumbuka vya kutosha: ardhi si kazi ya mikono ya mtu, lakini nguvu anazotumia mtu kuisafisha na kuiendeleza ni zake, na asinyang'anywe matunda yake.

Sheria ya Utwaaji wa Ardhi Na. 47 ya mwaka 1967 ilimpa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, barabara zikiwamo, na ikaamuru fidia. Lakini fidia hiyo iliangalia zaidi kilichosimama juu ya ardhi: jengo, minazi, michungwa. Kiwanja kitupu hakikuhesabiwa kuwa na thamani. Hali hiyo ilianza kubadilika pale haki ya kumiliki mali ilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Jaribio kubwa la ibara hiyo halikutoka mjini. Baba na mwanawe, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba mkoani Arusha, walikuwa wamerudishiwa na mahakama shamba lao la asili. Mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyofuta haki za asili za namna hiyo bila fidia. Wakashtaki. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya asili juu ya ardhi ni mali kamili inayolindwa na Katiba, na kwamba hata pasipo jengo wala mazao, mtu aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia. Katika kufikia uamuzi huo majaji waliyarejea maandishi yale ya Mwalimu ya mwaka 1958. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ikaandika waziwazi kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na kwamba anayenyimwa haki hiyo alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Hesabu yenyewe

Wengi hudhani fidia ni bei ya nyumba, basi. Wakionyeshwa tarakimu moja kwenye karatasi hutia sahihi na kwenda zao. La hasha. Kanuni zilizotolewa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zimetaja mafungu kadhaa, na kila fungu lina njia yake ya kuhesabiwa.

Kwanza ni thamani ya ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko. Mthamini anatakiwa kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana, au atumie pato la mali hiyo. Gharama za kujenga upya zimewekwa kwa jengo la namna ya pekee lisilo na soko. Kisha kuna posho ya usumbufu, ambayo ni thamani hiyo mara kiwango cha wastani cha riba ambayo mabenki hutoa kwa amana za miezi 12. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kwa bei ya soko mara miezi 36. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilometa 20. Na kwa mwenye biashara kuna faida aliyoikosa, yaani faida halisi ya mwezi mara miezi 36, mradi aithibitishe kwa hesabu zilizokaguliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili liingie vizuri. Kiwanja kina thamani ya shilingi milioni 15 na nyumba shilingi milioni 40. Jumla milioni 55. Tuseme riba ya amana ni asilimia 8: posho ya usumbufu itakuwa shilingi milioni 4.4. Tuseme nyumba kama hiyo hupangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi: posho ya makazi itakuwa shilingi milioni 5.4. Ongeza shilingi 300,000 za lori. Jumla ni shilingi milioni 65.1. Tofauti ya bei ya nyumba na kiwanja, kwa upande mmoja, na fidia kamili, kwa upande wa pili, ni zaidi ya shilingi milioni 10. Hizo ni karo za shule, ni bati za nyumba mpya. Mtu asiyejua mafungu haya hawezi hata kutambua kwamba moja limesahauliwa.

Tazama pia sharti lile la hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe, fundi cherehani, kinyozi mwenye kibanda kando ya barabara, ni wangapi kati yao wana mkaguzi wa hesabu? Sheria imewapa haki kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto imewadai karatasi ambayo hawajapata kuiona. Afadhali basi mwenye duka dogo aanze leo kuweka daftari la mauzo, risiti za kodi ya mapato na leseni yake mahali pamoja. Hayo peke yake hayafikii kiwango cha kanuni, lakini yanampa mthamini kitu cha kushika, na yanampa mhasibu pa kuanzia siku ambapo hesabu hizo zitatakiwa.

Fedha iliyochelewa

Fidia inaweza kuhesabiwa vizuri sana na bado ikawa dhuluma, kwa kuchelewa tu. Siku uthamini unapoanza, mwenye nyumba hupigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika namba, vyumba hupimwa, miti huhesabiwa, naye huambiwa asiendeleze tena. Tangu siku hiyo yumo kifungoni. Hapaki rangi, hazibi bati linalovuja, hapati mpangaji wa kudumu, na benki haitaki kusikia habari ya kumkopesha. Wapo walioishi na X ya kijani ukutani kwa miaka kadhaa huku mfuko wa saruji ukipanda bei.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya mwaka 2016 iliweka saa. Baada ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinisha uthamini, fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa zaidi, riba huanza kuhesabiwa. Na uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Ukipita bila malipo, bei za zamani hazitumiki tena na kazi inapaswa kurudiwa. Ndugu msomaji, ikiwa unangoja fidia, tarehe moja unayopaswa kuijua kwa moyo ni ile ya kuidhinishwa kwa uthamini wako. Iulize kwa barua, utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Lipo pia jambo la ajabu ambalo halizungumzwi. Barabara inapojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, masharti ya benki hiyo hutaka fidia itoshe kujenga nyumba nyingine, bila kukata uchakavu wa ile ya zamani. Hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi hulipwa jengo lake, na mpangaji husaidiwa kuhama. Barabara inapojengwa kwa fedha zetu wenyewe, masharti hayo hayapo. Hivyo watu wawili wa mji mmoja, wenye nyumba za aina moja, wanaweza kupata haki mbili tofauti kwa sababu tu ya mfuko uliotoa fedha. Sioni kwa nini mkopeshaji wa mbali awe na huruma zaidi kwa mpangaji wa Tandale kuliko sheria zetu.

Na mpangaji ndiye aliyesahauliwa kuliko wote. Wengi wa wanaosoma ukurasa huu ni wapangaji. Posho ya makazi huenda kwa mwenye nyumba. Anayelala katika chumba hana fungu katika kanuni zile. Aliyelipa kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya mji huu, hana budi kuidai kutoka kwa mwenye nyumba kabla huyo hajapokea fedha zake na kuhamia kusikojulikana. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, ndio utakaomsaidia.

Ndani ya familia

Fedha ya fidia huingia nyumbani ghafla, kwa mkupuo, na kwa jina la mtu mmoja. Hapo ndipo nyumba nyingi zilizookoka tingatinga hubomoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini siku ya uthamini mara nyingi huandikwa jina la aliyekutwa nyumbani au la aliye kwenye karatasi ya manunuzi. Wakati wa kutaka majina yote mawili yaandikwe ni siku ile fomu inapojazwa. Siku fedha zitakapoingia benki itakuwa ni kesi.

Ikiwa mwenye nyumba alikwisha fariki na watoto wakaendelea kuishi bila kugawana, hakuna atakayelipwa mpaka mahakama imtambue msimamizi wa mirathi. Familia zilizokaa miaka bila kufungua mirathi kwa kuoneana haya hujikuta zikikimbizana Mahakama ya Mwanzo huku mradi ukiendelea. Jambo hilo lafaa kumalizwa wakati hakuna fedha ya kugombea.

Na makaburi. Katika viunga vya miji yetu, Mbezi, Kibamba, Mbagala, watu walizika jamaa zao uani kabla mji haujawafikia. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 imeliona hilo. Fidia yake ni gharama za haki za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko au ibada zinazotakiwa kwa ajili ya marehemu. Ni kifungu chenye utu. Anayehesabiwa mali asione haya kulitaja kaburi; lisipoandikwa siku hiyo litahesabiwa kuwa udongo.

Kwa yule anayenunua kiwanja mwezi huu kando ya barabara yoyote kubwa, asimtegemee dalali aliyesema kwamba hapa pana amani. Achukue futi kamba, apime kutoka katikati ya barabara, kisha aende ofisi ya TANROADS ya mkoa na ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza kwa maandishi: hifadhi ya barabara hii, mahali hapa, ni mita ngapi? Asiridhike na jibu la mita 30 kwa kuwa ndilo la kawaida, maana Kimara lilikuwa 121.5. Na kwa yule ambaye X ya kijani iko ukutani tayari, akatae kutia sahihi fomu ambayo haijajazwa, adai nakala yake papo hapo, na akiona fungu limerukwa aandike pingamizi kwa mthamini na kwa mwenye mradi. Kama hapati jibu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu ndiko penye mlango, kutegemea ukubwa wa madai yake, na ofisi za msaada wa kisheria zitamwonyesha uko wapi.